Mgao wa Nyama na Kimya cha Udongo

Karibu na mji wa Kasongo, katika Maniema, mashariki ya Kongo, pana mahali panapoitwa Kasongo-Tongoni. Mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa jina hilo: tongo ni mahame, mahali watu walipoishi kisha wakapaacha, kama Tongoni ya Tanga. Hapo ulisimama mji wa enzi za mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu, hadi jeshi la Mbelgiji Dhanis lilipouteka Aprili 1893. Wanaakiolojia waliofika Kasongo katika karne hii walichimba tongo hilo, na kazi yao ni ya heshima. Lakini kina chake ni cha karne moja na nusu tu. Kabla ya misafara na mashamba ya mpunga, kabla ya mababu wa Wazimba, Wakusu na Wabangubangu kufua chuma, kandokando ya mito ya Lualaba na Luama walipita wawindaji na wachuma matunda. Tongo lao liko wapi? Na walipomzika mtu wao, au walipomuua mnyama mkubwa, waliamini wanafanya nini?

Swali hili limejibiwa vizuri zaidi mbali na Maniema. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi nchini Kenya, watafiti waligundua kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, wakampa jina la Mtoto. Alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Alichimbiwa shimo, akalazwa ubavu wa kuume na magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Namna mifupa ilivyokaa inaonyesha kwamba mwili ulikuwa umeviringishwa ndani ya kitu, na kichwa kiliegemezwa juu ya kitu kingine, mfano wa mto wa kulalia. Vyote viwili vimeoza. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021, na hadi hapo halikujulikana kaburi la binadamu wa aina yetu lililo kongwe zaidi katika Afrika. Mimi katika habari hiyo yote nashikwa na ule mto. Mtu hamwekei maiti mto kwa sababu maiti anauhitaji. Anamwekea kwa sababu kwake yule bado ni mtoto anayelala.

Ndani ya Kongo yenyewe tunao mfupa wa Ishango, uliopatikana mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Una umri wa takriban miaka 20,000, una chale zilizopangwa katika safu tatu, na kwenye ncha umepachikwa kipande cha jiwe gumu. Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu. Mmarekani Alexander Marshack akaona kalenda ya mwezi. Wengine wamesema chale zile zilikuwa za kuzuia mkono usiteleze. Kila mmoja ameusoma mfupa kwa macho ya kwao, na mfupa wenyewe umewekwa Brussels, mbali na watoto wa wavuvi wa Ishango. Nasema wazi kwamba mfupa huu hautuambii imani yoyote. Unatuambia kwamba kulikuwa na mtu aliyehesabu au kupanga kwa makini, na makini hayo ni jambo kubwa kwa upande wake.

Sasa rudi Kasongo na jirani yake Kabambare, pale msitu unapokutana na nyika. Udongo wa msitu wa mvua una asidi, nayo huula mfupa. Kinachodumu ni mawe yaliyochongwa na vipande vya makaa. Panga ya Saidi ni pango la mwamba wa chokaa. Pango la Matupi kule Ituri, ambako Francis Van Noten alichimbua zana ndogondogo za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000, nalo ni la chokaa. Wawindaji ambao tunathubutu kusimulia imani zao ni wale waliobahatika kufa penye chokaa. Waliokufa kwenye udongo mwekundu wa Luama wamenyamazishwa na kemia, na kimya chao kisihesabiwe kuwa utupu.

Kuna sababu nyingine ya kimya hicho, nayo ni nzito kuliko asidi. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliishi na Wambuti, wawindaji wa msitu wa Epulu, Ituri, katika miaka ya 1950, akaandika jinsi walivyouita msitu baba na mama. Mtu alipofariki au balaa lilipozidi, walisema msitu umelala, basi uamshwe. Wakaileta molimo, baragumu refu linalofichwa msituni, wakaimba usiku baada ya usiku, pengine kwa mwezi mzima au zaidi. Mwanaanthropolojia James Woodburn, alipolinganisha mazishi ya jamii nne za wawindaji wa Afrika, alieleza kwamba desturi ya Wambuti ilikuwa kumwangushia marehemu kibanda chake mwenyewe, kisha kambi nzima ikahama. Mtu wa kuchimba akifika hapo baada ya miaka 1,000, atapata nini? Hatakuta hata shimo. Huzuni ya mwezi mzima ilikuwa sauti, nayo sauti haina mabaki.

Linganisha na walioishi upande wa juu wa mto Lualaba. Kule Sanga, kwenye Ziwa Kisale, ambako mto huo hupita kabla ya kuteremka hadi Kasongo, wachimbaji tangu mwaka 1957 wamefukua makaburi mengi ya wavuvi na wakulima, mengine ya kati ya karne ya 10 na ya 13, yenye vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi na mapambo ya shaba. Ukiweka Sanga na Epulu mezani, macho yatakuambia kwamba watu wa Sanga ndio waliokuwa na dini. Hilo ndilo kosa ninalolipinga. Wa Sanga waliiweka imani yao katika vyungu, na wa Epulu waliiweka katika koo zao.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, wanatuongezea jambo la tatu, nalo ni nyama. Mnyama mkubwa akiuawa, sehemu fulani kama moyo na figo ni epeme: huliwa na wanaume waliokwisha kuingizwa katika siri hiyo, mbali na macho ya wanawake na watoto. Na usiku usio na mwezi huchezwa ngoma inayoitwa epeme vilevile, wanaume wakiingia gizani mmoja mmoja, wanawake wakiwaitikia kwa nyimbo. Wanalichagua giza. Hakuna sanamu wala madhabahu, na nyama imeliwa.

Hapa ndipo Maniema inapoanza kusema. Kaskazini ya Kasongo na Kabambare, katika Pangi na Shabunda, wako Walega. Ni wakulima, lakini uwindaji uliingia ndani ya moyo wa chama chao cha Bwami. Kakakuona kwao hakuwa kitoweo cha kawaida. Ilikuwa mwiko kumuua, kwani husemwa ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba kwa majani yaliyopandana kama magamba yake. Na hata akipatikana amekufa, nyama yake iligawanywa kwa utaratibu wa Bwami, chini ya wakubwa wake. Daniel Biebuyck, aliyewatafiti Walega miaka ya 1950, alionyesha jambo ambalo kila mwanaakiolojia angelikariri: kifaa cha Bwami, kiwe sanamu ya pembe ya ndovu, mdomo wa ndege au kipande cha ngozi, hakina maana moja. Maana hutolewa na methali inayoimbwa kikionyeshwa, na kifaa kilekile hubeba methali nyingi. Serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Sanamu zikaenda kwenye makumbusho ya Ulaya bila methali zake, na leo ziko kwenye vioo zikisifiwa uzuri, kama mtu anayesifiwa mavazi huku hajui kusema.

Tahadhari moja lazima itolewe. Wambuti na Wahadzabe si mabaki ya Zama za Mawe. Wambuti wamebadilishana nyama na ndizi na majirani wao wakulima kwa vizazi vingi na wanasema lugha zao. Historia yao ni ndefu sawa na ya mtu wa Paris. Kwa hiyo siwezi kuichukua molimo ya Epulu nikaitia mdomoni mwa mwindaji wa Luama wa kale. Ndivyo pia kwa nadharia ya Mwafrika Kusini David Lewis-Williams, aliyeisoma michoro ya mapango ya Wasani kama maono ya waganga walio katika njozi. Kwa Wasani ina nguvu, kwa kuwa wazee wao waliacha maelezo. Lakini zitazame duara nyekundu za Nyero nchini Uganda, za kisiwa cha Mfangano nchini Kenya, ambazo wenyeji husema zilichorwa na Watwa, na za Chongoni nchini Malawi. Hazina swala wala mganga. Kuzipachika njozi za kusini ni kuazima kinywa cha mwingine.

Nachukua kutoka kwa walio hai kitu kidogo zaidi, lakini nakiamini: imani ya mwindaji hukaa katika tendo, katika nani anapewa moyo wa mnyama, nani haruhusiwi kutazama, na lini kambi ihame. Mto wa Mtoto wa Kilifi ni tendo la namna hiyo, nalo limetufikia kwa bahati ya chokaa.

Nanyi ndugu zangu wa Kasongo na Kabambare, wazee waliotega nyavu na mitego bado mnao nyumbani. Waulizeni mnyama huyu paja lilikwenda kwa nani, kichwa kwa nani, na ni nyama ipi iliyokatazwa mama mjamzito. Andikeni kwa Kizimba, kwa Kibangubangu, kwa Kiswahili chetu cha Maniema, pamoja na maneno yaliyosemwa kisu kilipokuwa kinakata. Anzeni msimu huu.