Mashua Iliyobebwa Mabegani

Ukitaja safari ya tanga, mtu na mashua yake mwenyewe, anaambaa na pwani kwa nafasi yake na kutia nanga anapopenda, vijana wengi wa mjini huwaza Bahari ya Mediterania: matajiri wa Ufaransa na Ugiriki, miwani ya jua na maji ya buluu. Jamaa wa kijiweni Bariadi atakwambia, "Bwana, hayo ya Wazungu. Sisi kwetu pamba na ng'ombe." Haya. Lakini mto Simiyu, ambao mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 umechukua jina lake, unamwaga maji katika Ghuba ya Speke. Na katika ghuba hiyo ilianza safari moja ya tanga iliyosomwa dunia nzima. Ndugu msomaji, tuipitie upya, maana namna ilivyoandikwa inatuhusu sisi tunaotaka kushika kalamu.

Mwenye mashua alikuwa Henry Morton Stanley. Magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald la Marekani, ndiyo yaliyotoa fedha. Mashua iliundwa Uingereza, kwenye mto Thames, kwa mbao nyembamba za mwerezi. Urefu wake ulikuwa futi 40, na ilitengenezwa vipande vipande ili ifunguliwe na kufungwa tena. Stanley aliiita Lady Alice, jina la binti wa Kimarekani, Alice Pike, aliyemwahidi kwamba wataoana akirudi.

Hapo ndipo kichekesho kinapoanza. Mashua ya kifahari ya Mediterania humbeba mwenyewe. Hii ilibebwa. Vipande vilipofika Unguja vilionekana vizito mno, vikapunguzwa. Tarehe 17 Novemba 1874 msafara wa watu 356 ukaondoka Bagamoyo. Waungwana, kama walivyoitwa wapagazi na askari wa msafara waliotoka Unguja na pwani, wakaitia mashua mabegani kupita Ugogo mpaka Usukuma, mwendo wa siku 103. Njaa, maradhi na mapigano vikaumega msafara huo vibaya. Edward Pocock, mmoja wa vijana watatu wa Kiingereza waliofuatana na Stanley, alizikwa njiani Januari 1875. Tarehe 27 Februari wakafika Kageyi, ufukweni mwa ziwa, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Magu.

Mashua ikaunganishwa. Stanley akauliza nani atakwenda naye kulizunguka ziwa. Kimya. Watu wakatazamana. Ndipo Wadi Safeni, mshika usukani, akaambiwa achague vijana kumi hivi wenye nguvu. Msidhani walikuwa waoga. Wenyeji walikwisha kuwaeleza kwamba ziwa hilo halizunguki mtu akaona mwisho wake upesi, ni kazi ya miaka! Nani angekimbilia safari kama hiyo kwa ajili ya ramani ya mtu mwingine?

Tarehe 8 Machi 1875 wakang'oa nanga, wakaelekea mashariki. Wakaupita mdomo wa mto Simiyu, kisha fukwe ambazo leo ni za Busega. Wakamchukua kiongozi wa njia, mvuvi aitwaye Saramba. Halafu wakageuka kupitia Ukerewe, wakapanda kaskazini hadi Buganda, ambako Aprili walipokewa na Kabaka Mutesa. Wakarudi kwa upande wa magharibi, wakafika Kageyi tarehe 6 Mei. Huku nyuma, Frederick Barker, Mwingereza wa pili, alikuwa amekwisha kufa kambini.

Safari hiyo ilimaliza ubishi mkubwa. John Hanning Speke aliliona ziwa mwaka 1858 upande wa Mwanza, akasema ndilo chanzo cha Nile. Wenzake Ulaya wakambishia. Wengine wakadai ni maziwa kadhaa yaliyotengana. Stanley alithibitisha kwamba ni ziwa moja. Akafikiri pia kwamba Simiyu ndiyo mkono wa Nile unaoanzia mbali zaidi kusini. Hilo halikusimama: leo heshima hiyo wanapewa vijito vya Kagera, huko Rwanda na Burundi. Hata hivyo, kwa muda fulani mto wetu, ambao kiangazi hubaki mchanga na vidimbwi, ulitajwa Ulaya kama mama wa mto wa mafarao.

Kuna upande mwingine usiopendeza. Tarehe 28 Aprili, kisiwani Bumbire, wenyeji waliivuta mashua nchi kavu na kuwanyang'anya makasia. Safeni na wenzake wakaisukuma majini kwa nguvu, wakang'oa mbao za sakafuni wakazifanya makasia, huku Stanley akipiga risasi. Walinusurika. Lakini Agosti mwaka huohuo Stanley alirudi na mitumbwi mingi, akakaa mbali mahali ambapo mishale haifiki, akawapiga risasi watu waliosimama ufukweni. Makumi wakafa. Habari zilipofika Uingereza hata huko watu walilalamika.

Mashua ikabebwa tena mpaka mto Kongo. Tarehe 31 Julai 1877, karibu na maporomoko ya Isangila, Stanley aliamua kuuacha mto. Lady Alice ikapandishwa juu ya mawe, ikaachwa ioze. Alice mwenyewe alikwisha kuolewa na mwanamume mwingine tangu Januari 1876. Na Safeni? Aliposikia kwamba bahari iko karibu, furaha ilimzidi, akili ikaruka. Alipiga kelele kwamba wamefika baharini, akaingia porini na kasuku wake begani. Walimtafuta, hawakumpata.

Yote haya tunayajua kwa sababu Stanley aliyaandika, kitabu kikatoka 1878. Speke amepewa ghuba. Victoria, ambaye hakulitia jicho ziwa hilo, amepewa ziwa zima. Saramba na Safeni wamebaki mistari michache katika kitabu cha mtu mwingine. Wala si kwamba hawakuwa na lugha. Lugha ya msafara ule ilikuwa Kiswahili, hiki hikihiki tunachokiandika hapa!

Basi wenzangu mnaotafuta hadithi, msihangaike kwenda Mediterania. Saramba aliliona ghuba lile tangu utotoni. Siku ile aliona nini alipoitazama mashua ya vipande? Safeni alikuwa akiwaza nini usiku, Bumbire ikiwa nyuma na makasia hayapo? Historia ina tarehe na futi 40 za mwerezi. Waliovuta makasia bado wanamngoja mwandishi wao.