Famasi mtandaoni katika Nyanda za Juu Kusini

Famasi mtandaoni ni huduma ya kuuza dawa ambayo mteja huagiza, hulipia na kupelekewa dawa bila kufika dukani. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, huduma hii mara nyingi haina hata tovuti. Muuzaji ana namba ya WhatsApp au ukurasa wa Instagram, mteja hulipa kwa simu, na mzigo husafiri kwa basi na kumaliziwa na bodaboda. Sheria zinazoisimamia zilitungwa kwa ajili ya duka lenye mlango, rafu na leseni ukutani, na hapo ndipo ugumu wa usimamizi ulipo.

Chimbuko

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wengi wa vijijini walinunua dawa katika maduka ya dawa baridi. Maduka hayo yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, lakini antibiotiki zilipatikana humo pia, mara nyingi kwa wauzaji wasio na mafunzo. Mwaka 2003 mpango wa Duka la Dawa Muhimu (DLDM) ulianza kujaribiwa mkoani Ruvuma, kisha ukaenezwa Tanzania Bara. Badala ya kuyafungia maduka, serikali iliyaingiza kwenye utaratibu: jengo lilikaguliwa, mtoa dawa akapelekwa mafunzoni, na duka likapewa orodha ya dawa lilizoruhusiwa kuuza, zikiwamo antibiotiki chache. Biashara ya mtandaoni imefika pale yalipokuwa maduka ya dawa baridi: wateja wapo, ila muuzaji bado hajulikani ni nani.

Sheria na mamlaka

Dawa zenyewe husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), yenye ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Ilianza mwaka 2003 kama Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Mwaka 2019 masuala ya chakula na vipodozi yalihamishiwa Shirika la Viwango (TBS), na mamlaka ikapata jina la sasa. TMDA husajili dawa, hukagua ubora wake sokoni na huidhinisha matangazo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliutambua mfumo wa Tanzania wa udhibiti wa dawa kuwa umefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, wa kwanza kufika hapo barani Afrika.

Wanataaluma na majengo ya famasi wako chini ya Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Matangazo ya waganga wa jadi huangukia Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Upande wa mtandao kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo tangazo moja la dawa kwenye simu laweza kugusa mamlaka nne au tano kwa mpigo.

Safari ya dawa

Tangazo likisema "mikoani tunatuma", mara nyingi maana yake ni basi. Dawa hufungwa ndani ya bahasha ya kaki au boksi lililozungushiwa utepe wa gundi, juu yake pakaandikwa jina na namba ya simu ya mpokeaji. Ofisi ya basi hutoa risiti ya kifurushi na mzigo huwekwa kwenye buti. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500, zikiwamo kona za mlima Kitonga. Hadi Mbeya ni zaidi ya 800.

Dawa nyingi hutakiwa kuhifadhiwa chini ya nyuzi joto 30, na insulini isiyofunguliwa kati ya nyuzi 2 na 8. Jiji la Mbeya, lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, lina baridi, lakini mzigo unaoteremka kupitia Tukuyu hadi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, huingia kwenye joto kali. Kwenye buti hakuna kipimajoto, na konda hajui amebeba nini.

Hatari

Mwaka 2017 WHO ilikadiria kuwa bidhaa 1 kati ya 10 za tiba katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni bandia au duni. Tanzania iliwahi kuguswa: mwaka 2012 dawa bandia za kupunguza makali ya VVU ziligunduliwa hospitalini Tarime, mkoani Mara. Nyanda za Juu Kusini zina pia mipaka yenye shughuli nyingi, ambako dawa za aina hiyo zinaweza kupita: Kasumulu, wilayani Kyela, kuelekea Malawi, na Tunduma kuelekea Zambia, iliyokuwa mkoani Mbeya hadi mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016.

Hatari nyingine ni ya siri ya mgonjwa. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, mikoa iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima ilikuwa Njombe, Iringa na Mbeya. Anayeogopa kuonekana kliniki huvutiwa na muuzaji asiyemwona uso, na mazungumzo yao hubaki ndani ya simu ya mtu asiyemfahamu. Dawa za VVU hutolewa bure katika vituo vya umma, hivyo anayeziuza mtandaoni, au anayetangaza dawa ya "kumaliza kabisa" virusi, hastahili kuaminiwa.

Njia za kuboresha usalama

Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2015, huzitaka famasi za mtandaoni kuweka nembo ya pamoja. Mteja akiibonyeza hupelekwa kwenye orodha rasmi ya nchi husika. Nchini Kenya, kampuni ya MYDAWA hufunga dawa kwa lakiri yenye namba ya siri ambayo mteja huihakiki kwa simu. Kwa upande wa polisi, Interpol huendesha operesheni ya Pangea dhidi ya wauzaji haramu wa mtandaoni tangu 2008.

Katika Mbeya na Iringa, mteja anaweza kudai mambo matatu kabla ya kulipa: jina la famasi na mahali ilipo, jina la mfamasia msimamizi, na picha ya pakiti nzima yenye namba ya usajili, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Picha ya upande wa mbele haitoshi. Karatasi ya vidonge ikikatwa kwa mkasi, kipande chenye tarehe huweza kubaki dukani, na mgonjwa hupokea vidonge vinne visivyo na historia. Dawa ikimdhuru, fomu ya kuripoti madhara kwa TMDA humuuliza jina la dawa na namba ya toleo, na mkononi ana risiti ya basi tu.