Mtakatifu au Mwendawazimu? Filamu ya Jeanne d'Arc kwa Mwanafunzi wa Historia

Waswahili husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba aghalabu mwenye mamlaka ndiye huamua akili ya nani ni kipaji, ya nani ni wazimu na imani ya nani ni uzushi. Makala haya yanapendekeza filamu moja inayolidhihirisha jambo hilo: La Passion de Jeanne d'Arc, iliyoongozwa na Mdenmark Carl Theodor Dreyer na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1928.

Jeanne alikuwa binti wa mkulima wa Ufaransa aliyesema kwamba anasikia sauti za watakatifu. Mwaka 1429 alikuwa pamoja na jeshi lililovunja mzingiro wa Waingereza mjini Orléans. Mwaka uliofuata alikamatwa, na tarehe 30 Mei 1431 akachomwa moto mjini Rouen kwa hukumu ya mahakama ya Kanisa, akiwa na miaka 19 hivi. Hukumu hiyo ilibatilishwa mwaka 1456, na mwaka 1920 Kanisa lilelile likamtangaza mtakatifu.

Dreyer aliitunga filamu yake kwa kutegemea kumbukumbu za kesi hiyo. Mathalani, Jeanne anaulizwa kama yumo katika neema ya Mungu. Akikubali, ana kiburi, akikana, amejihukumu. Naye anajibu kwamba, kama hayumo, Mungu amtie, na kama yumo, Mungu amdumishe humo. Msichana asiyejua kusoma anawaponyoka wanazuoni! Kwa kuwa filamu haina sauti, mtazamaji hulazimika kusoma nyuso: uso wa mwigizaji Renée Falconetti na nyuso za mahakimu waliomzunguka.

Hata hivyo, mwanafunzi wa historia hana budi kuwa mwangalifu. Kesi iliyochukua miezi kadhaa imebanwa ikaonekana kama ya siku moja, na vita vya Waingereza na Wafaransa vimewekwa kando. Anayetaka kuelewa siasa za kesi hiyo hatazipata humo za kutosha; atakachopata ni namna mahakama inavyomvunja mtu.

Filamu yenyewe nayo ilipata misukosuko. Nchini Ufaransa ilikatwakatwa kutokana na shinikizo la Kanisa na wakaguzi wa serikali. Mwezi Desemba 1928 negativu yake iliteketea mjini Berlin, na Dreyer akalazimika kuunda nyingine kwa mabaki ya picha alizopiga. Alifariki mwaka 1968 akiamini kazi yake ya awali imepotea. Mwaka 1981 nakala kamili ilipatikana katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo, Norwei. Aidha, Antonin Artaud, aliyeigiza padri anayemhurumia Jeanne, baadaye alifungiwa kwa miaka kadhaa katika hospitali za aina hiyo.

Hizo ni sadfa, wala hazithibitishi lolote kuhusu sauti alizosikia Jeanne. Lakini zinatukumbusha kwamba majina "mzushi", "mwendawazimu" na "mtakatifu" yana tarehe na yana watu walioyatoa. Kwa hiyo, tunapokutana na majina hayo katika nyaraka, swali la kwanza liwe: nani aliyeyaandika, na alikuwa na maslahi gani?