Søren Rittig: Daktari wa Denmark aliyeonyesha kukojoa kitandani si uvivu

Kama uko na bro ama siste mdogo anayelowesha godoro na ashafika miaka 7, soma hii hadi mwisho. Mtaani story ni ile ile: mtoi ni mvivu, achapwe, aitwe kikojozi, godoro lianikwe nje kila mtu aone. Lakini tangu miaka ya 1980 kuna msee Denmark ambaye kazi yake inasema ingine kabisa.

Søren Rittig ni nani?

Ni daktari wa watoto na profesa kwa Chuo Kikuu cha Aarhus. Anachunguza vitu viwili: mkojo wa watoto, na homoni inaitwa vasopresini.

Hiyo vasopresini inafanya nini?

Inatengenezwa ndani ya ubongo, halafu inawekwa kwa tezi ya pituitari, kitu kidogo kama punje ya mbaazi. Ikiingia kwa damu inaambia figo zirudishe maji mwilini. Ikiwa kidogo, mkojo unakuwa mwingi na mwepesi kama maji.

Aligundua nini?

Mwaka wa 1989, Rittig na wenzake wa Aarhus, kama Jens Peter Nørgaard na Jens Christian Djurhuus, walipima homoni hiyo mchana na usiku. Kwa watu wa kawaida vasopresini hupanda usiku, ndiyo maana unalala bila kuamka kukojoa. Kwa wale wanaokojoa kitandani waliopimwa, haikupanda vile. Figo zao zilipiga shift ya mchana usiku kucha, kibofu kikajaa, na usingizi haukuwaamsha.

Si watoi wote wako hivyo. Wengine shida ni kibofu kubeba mkojo kidogo tu. Ndiyo maana matibabu hayafanani. Kuna alamu inayolia nguo ikianza kulowa, na kuna desmopresini, dawa inayoiga vasopresini, iliyotengenezwa Prague miaka ya 1960.

Chunga hiyo dawa lakini. Ukiimeza halafu unywe maji mob, chumvi ya damu inashuka hadi mtu anaweza kupata kifafa. Mwaka wa 2007 Marekani ilisema ile ya kupuliza kwa pua isitumike tena kwa watoto wanaokojoa kitandani. Dawa ni ya kupewa na daktari, si ya kuazima kwa jirani.

Na familia zinazokunywa maji bila kuacha?

Hapa ndio Rittig aliingia kwa jeni. Kuna ugonjwa ulioitwa dayabetisi insipidasi, hauna uhusiano wowote na sukari. Mgonjwa ana kiu mchana na usiku, na mkojo unaweza kupita lita 10 kwa siku. Kuna aina yake inayorithiwa: mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata.

Mwaka wa 1996, yeye na Gary Robertson wa Marekani na wenzao walichapisha mabadiliko 13 mapya ya jeni ya vasopresini, kutoka koo 17. Maelezo ni noma: mtoi anazaliwa sawa, lakini homoni iliyokunjwa vibaya inakwama ndani ya seli na kuziua polepole. Kiu inaanza miaka michache baadaye. Desmopresini inawasaidia hao pia.

Mwaka wa 2022 wataalamu walibadilisha jina la ugonjwa huo kuwa upungufu wa vasopresini. Sababu? Hata wahudumu wa hospitali walikuwa wanauchanganya na kisukari, wagonjwa wananyimwa dawa wanayohitaji.

Lini umpeleke mtoi hospitali?

- Amefika miaka 7 na bado analowesha mara kwa mara.
- Alikuwa amekauka miezi 6 au zaidi, halafu ameanza tena.
- Ana kiu isiyoisha, anaamka usiku kutafuta maji, ama anakonda. Hapa usingoje, inaweza kuwa kisukari chenyewe.
- Anahisi uchungu akikojoa, ama mchana pia nguo zinalowa.

Na usimnyime maji mchana kutwa ukidhani unamsaidia. Anywe vizuri mchana, apunguze jioni, aende choo kabla ya kulala. Kiboko hakijawahi kupandisha vasopresini ya mtu.