Sadaka za Wanawake Kwenye Njia ya Tabora

Katika karne ya 19, kila baada ya mavuno, vijiji vya Unyamwezi viliwaaga wanaume wao. Wapagazi walijitwisha pembe za ndovu wakashika njia ya Bagamoyo, mwendo wa miezi miwili au mitatu kwa miguu, kisha wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za msimu wa kulima. Wengine walisafiri na wake zao. Wengi waliwaacha nyumbani na jembe, watoto na wazee. Mwanamke aliyejifungua katika miezi hiyo, aliyeugua au aliyeishiwa nafaka, alihudumiwa na wanawake wenzake: mama mkwe, mawifi, jirani wa ukuta wa pili.

Hisani ya namna hiyo haikuwa na karani. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857 akiwa na John Speke, aliandika kurasa kwa kurasa juu ya bei ya pembe, nguo na shanga. Aliona pia kwamba vijiji vya Wanyamwezi vilikuwa na nyumba za kukutania, ya wanaume na ya wanawake. Ile ya wanawake aliitaja, akapita. Msomaji wa leo angebadilisha kwa furaha kurasa kumi za bei za shanga apate ukurasa mmoja wa mazungumzo ya humo ndani.

Juu ya jirani kulikuwa na ikulu. Mtemi alipokea sehemu ya mavuno na kazi za watu, na alitarajiwa kufungua ghala njaa ilipoingia. Wajibu huo haukuwa wa wanaume peke yao. Mtemi Isike alipoilipua baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 badala ya kutekwa mzima na Wajerumani, aliyekalishwa katika kiti cha Unyanyembe, utemi wa Tabora, alikuwa mwanamke, Nyaso.

Lakini jirani na ikulu viliwafaa wenye ukoo. Tabora ilikuwa njia panda: huku Ujiji na Manyema, kule Karagwe na Buganda, mashariki pwani. Wanawake na watoto waliotekwa walipitishwa hapo, na wengi walibakizwa hapo kulima mashamba ya matajiri. Mtumwa hakuwa na wifi wala shangazi wa kumletea uji. Mateka aliyezaa ugenini alikuwa nje ya hesabu zote za undugu, na ni vigumu kuificha aibu hiyo nyuma ya sifa za ujima wa Kiafrika.

Pengo hilo ndilo lililojazwa na masista, nao walianzia mwisho wa njia, upande wa bahari. Mwaka 1860 waliwasili Zanzibar masista wa shirika la Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1849, miezi michache tu baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo, na liliwapokea kama masista hata wanawake waliokuwa watumwa. Zanzibar, kisha Bagamoyo ambako misheni ya Roho Mtakatifu ilifunguliwa mwaka 1868, walilea wasichana waliokombolewa na kuuguza wagonjwa.

Bara, mambo yalikwenda taratibu zaidi. Wamisionari wa Kikatoliki, Mapadri Weupe, walifika Tabora mwaka 1878, wakawaweka watoto waliokombolewa huko Kipalapala, lakini mwaka 1889 walilazimika kuondoka uhusiano wao na Isike ulipoharibika. Masista Weupe wa kwanza walifika Ushirombo, kaskazini magharibi mwa Tabora, mwaka 1894. Kwa msichana yatima au mke aliyetoroka bwana wake, kuwapo kwa nyumba inayoongozwa na wanawake kulikuwa jambo jipya.

Nani alilipa? Kwa sehemu, wanawake ambao hawakuwahi kuiona Tabora. Maria Theresia Ledóchowska, binti wa ukoo wa kikabaila huko Austria, alisoma wito wa Kardinali Lavigerie dhidi ya utumwa, akaanzisha jarida la Echo aus Afrika mwaka 1889, na mwaka 1894 akapata kibali cha Papa Leo XIII kwa chama chake cha Mtakatifu Petro Klaveri. Hakukanyaga Afrika hata siku moja. Alihutubia, akachapisha, akaomba, na senti za watumishi wa ndani na wake wa mabwana zikasafiri hadi misheni za bara.

Fedha hiyo ilikuwa na masharti yake. Aliyekombolewa alibatizwa, akapewa jina la Ulaya, na aghalabu akaozwa ndani ya misheni. Kulikuwa pia na swali lililowasumbua wamisionari wenyewe: mtoto akinunuliwa sokoni ili aachiwe huru, je, muuzaji hakupata mtaji wa kwenda kuteka mwingine? Hata hivyo, kwa mtoto aliyekuwa amefungwa kamba shingoni, mjadala huo haukuwa na uzito sawa na ule uliokuwa nao Paris au Vienna.

Sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza, na baadaye hisani ya wanawake ikaanza kuvaa sura ya klabu. Baraza la Wanawake la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1951 likiongozwa na Lady Twining, mke wa gavana na daktari kwa taaluma. Klabu zilifundisha kushona, kupika na kulea watoto. Zilikuwa na manufaa, ila mtoaji alikaa mbele na mpokeaji akakaa kwenye benchi. Vikundi vya ngoma vya mijini, ambavyo Bibi Titi Mohamed alivitumia kuingiza wanawake katika chama cha siasa cha TANU kuanzia mwaka 1955, vilikuwa na mtindo mwingine: leo unachanga kwa msiba wa mwenzio, kesho anachanga kwa wako. Uhuru ulipopatikana, makundi ya wanawake yaliunganishwa mwaka 1962 kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, mwenyekiti akiwa Bibi Titi.

UWT ilifungua vituo vya kulelea watoto, lakini ushindi wake mkubwa ulikuwa wa kisheria. Mwaka 1975 likizo ya uzazi yenye malipo ilitolewa kwa mfanyakazi mwanamke bila kujali kama ameolewa. Kwa mama asiye na mume, hiyo ilizidi mafungu mengi ya khanga za zawadi.

Khanga nazo hazijaacha kutolewa. Inapokaribia Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, wodi za wazazi za hospitali za mikoa, kama Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora, ni mahali pa kutembelewa. Wanawake wa maofisini, wa makanisani na wa misikitini huja wamevaa sare za vitenge, wakileta khanga, sabuni, sukari na pampasi. Picha hupigwa. Mtu anaweza kuzicheka, lakini mama aliyetumwa kutoka zahanati ya mbali, bila hata beseni, huichukua sabuni ile na kuitumia siku hiyo hiyo.

Machi ikipita, kazi hubaki kwa vikoba. Mtindo huo wa kuweka na kukopa ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, ukaingia Tanzania na kushika kasi miaka ya 2000. Pembeni mwa hisa na mikopo kuna mfuko wa jamii: kila mkutano mwanachama hutoa kiasi kidogo kilekile, tajiri kwa maskini. Mwenzao akijifungua, akilazwa au akifiwa, fungu hutolewa, na kwa kawaida halirudishwi wala halina riba. Katibu huandika jina na kiasi, mweka hazina hufunga sanduku, na funguo hugawiwa kwa wanachama watatu.