Matbaa ya Hólar na Ukoo wa Askofu Guðbrandur

Hólar ni makao ya kale ya uaskofu katika bonde la Hjaltadalur, kaskazini mwa Aisilandi, na ndiko Jón Arason, askofu wa mwisho wa Kikatoliki mahali hapo, alikoleta matbaa ya kwanza kisiwani katika miaka ya 1530, akaikabidhi kwa mchapaji kutoka Uswidi aitwaye Jón Matthíasson. Askofu huyo alimpinga mfalme wa Denmark aliyeitawala Aisilandi, pamoja na mafundisho ya Martin Luther ambayo mfalme aliyaleta, naye akakatwa kichwa huko Skálholt, makao ya uaskofu ya kusini mwa kisiwa, tarehe 7 Novemba 1550, yeye na wanawe wawili. Lakini matbaa ilinusurika, ikaja kuwatumikia Walutheri wenyewe.

Aliyeipa matbaa hiyo uhai mpya ni Guðbrandur Þorláksson, mwana wa kasisi, aliyesoma Hólar na kisha Chuo Kikuu cha Copenhagen, akarudi kuwa mkuu wa shule, na mwaka 1571 akateuliwa kuwa askofu wa Hólar, cheo alichokishika hadi alipofariki mwaka 1627. Katika muda huo alichapisha vitabu karibu 100, vingi vikiwa vya ibada na mafundisho. Kilichovipita vyote ni Biblia nzima ya kwanza kwa Kiaisilandi, iliyokamilika mwaka 1584 kwa nakala 500, baada ya mfalme kuagiza kila kanisa lichangie dala moja, yaani sarafu ya fedha ya wakati ule. Kurasa zake zilipambwa kwa picha za vibao, ambazo ni michoro iliyochongwa kwenye mbao, ikapakwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi, na inasemekana baadhi ya vibao hivyo askofu alivichonga kwa mkono wake. Norwei, iliyokuwa chini ya mfalme huyohuyo, ilisomewa Biblia kwa Kideni. Aisilandi haikufikwa na hali hiyo, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni haki ya matbaa ya Hólar.

Sehemu ya Agano Jipya katika Biblia hiyo ilitokana na tafsiri ya Oddur Gottskálksson, iliyochapwa Denmark mwaka 1540. Hapa historia ina kejeli yake, kwa kuwa baba yake Oddur, Askofu Gottskálk Nikulásson wa Hólar, ndiye aliyemfilisi kwa kumnyang'anya mashamba Jón Sigmundsson, mwanasheria mkuu na babu yake Guðbrandur. Mjukuu hakusahau mashamba yale: aliyadai kwa miaka mingi, na kuanzia mwaka 1592 alichapisha vijitabu vya kumsafisha babu yake, akiitumia matbaa ya kanisa kwa kesi ya ukoo bila haya yoyote inayoonekana.

Elimu yake haikuishia kwenye dini. Alipima latitudo ya Hólar, yaani umbali wake kutoka ikweta kwa nyuzi, akaikaribia mno ile inayokubalika leo, na ramani ya Aisilandi iliyotolewa na mchora ramani Abraham Ortelius mwaka 1590 inahesabiwa kuwa imetokana na kazi yake. Mwaka 1612 alitoa Vísnabók, mkusanyo wa mashairi ya dini uliokusudiwa kuwaachisha watu nyimbo za kidunia, ingawa ilimbidi akubali bahari, yaani mitindo ya mizani ya ushairi, zilezile zilizopendwa na waimbaji wa nyimbo hizo.

Alipopatwa na kiharusi mwaka 1624, binti yake Halldóra ndiye aliyesimamia mali na shughuli za makao ya askofu. Uaskofu ulimwendea Þorlákur Skúlason, mwana wa Steinunn, binti ambaye Guðbrandur alimzaa nje ya ndoa, na Þorlákur akatoa chapa mpya ya Biblia, iliyokamilika mwaka 1644. Þórður, mwana wa Þorlákur, alipokuwa askofu wa Skálholt aliihamishia matbaa huko mwaka 1685, na mwaka 1688 ikachapa Landnámabók, kitabu cha kale kinachosimulia walowezi wa kwanza wa Aisilandi na nasaba zao.