Nani Alisema Mdomo Si Sehemu ya Mwili?

Wasee, leo tuongee historia, na si ile ya kukariri tarehe za vita ndiyo upite mtihani. Ni historia ya mdomo wa mtoto, na vile watu wazima walikubaliana kwamba mdomo huo una daktari wake, halafu mwili uliobaki una daktari mwingine.

Hebu fikiria. Ukiumwa na sikio unaenda kwa daktari. Jicho, daktari. Goti, daktari. Ukiumwa na jino unaambiwa, "Hiyo si ya hapa, nenda mlango ule mwingine." Na mlango ule mwingine mara nyingi ni mbali, ni ghali, ama umefungwa hadi Jumatatu. Sikio na jino ni majirani kabisa, lakini hospitalini ni kama wako kaunti tofauti. Huu mpaka haukuletwa na Mungu. Ulichorwa na watu, na tunajua ulichorewa wapi.

Zamani kule Ulaya, jino lako lingeng'olewa na kinyozi, ama fundi wa chuma mwenye koleo na mkono mzito. Madaktari waliosoma waliona hiyo ni kazi ya mikono, si ya msomi. Halafu mwaka wa 1840, katika jimbo la Maryland, Marekani, mabwana wawili, Horace Hayden na Chapin Harris, wakaanzisha Baltimore College of Dental Surgery. Hiyo ndiyo shule ya kwanza duniani ya kufundisha udaktari wa meno peke yake. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kwamba kwanza walibisha hodi kwa shule ya udaktari ya hapo hapo, wakitaka meno yafundishwe ndani yake, wakakataliwa. Wanahistoria bado wanabishana kama ilikuwa hivyo. Kile hakibishaniwi ni matokeo: shule mbili, vyeti viwili, milango miwili.

Kuna mtu alijaribu kurudisha mambo pamoja. William Gies, mtaalamu wa kemia ya mwili katika Chuo Kikuu cha Columbia, alizunguka shule za meno za Marekani na Kanada, na mwaka wa 1926 akatoa ripoti nene. Alichosema, kwa ufupi, ni kwamba afya ya meno ni afya, na daktari wa meno apewe heshima sawa na daktari mwingine. Heshima ilikuja. Shule zikawa bora. Lakini ukuta ulibaki. Mwaka wa 1965, Marekani ilipoanzisha Medicare, bima ya wazee, matibabu ya kawaida ya meno yakaachwa nje. Kwa hivyo sasa haikuwa shule tu, hata pesa zilikuwa zimejifunza kuutenga mdomo.

Utauliza, na mtoi anaingia wapi hapa? Anaingia kwa sababu yeye ndiye hulipa bei.

Mwaka wa 2000, David Satcher, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa ripoti ya kwanza ya ofisi hiyo kuhusu afya ya kinywa. Ilisema kuoza kwa meno ndio ugonjwa sugu unaopata watoto wengi zaidi, mara 5 kuliko pumu. Pumu! Ugonjwa ambao kila shule ina mtoto anayetembea na kipulizio chake mfukoni. Na ugonjwa unaoupiku mara 5 hakuna aliyekuwa akiuongelea.

Miaka saba baadaye, Februari 2007, mvulana wa miaka 12 akafa. Jino lilikuwa limeoza, bakteria wakafika kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji wa kichwa mara mbili, akalazwa wiki nyingi, bili ikafika takriban dola 250,000. Magazeti ya huko yaliandika kwamba kung'oa lile jino mapema kungegharimu dola 80 hivi. Na unajua alikuwa anaishi wapi? Maryland. Jimbo lile lile lenye shule ya kwanza ya meno duniani. Miaka 167 ya kusomesha madaktari wa meno hapo kwao, na bado mtoto akafa kwa jino.

Kwa hivyo shida haikuwa eti elimu haipo. Elimu ilikuwepo, lakini ilikuwa imefungiwa chumba kimoja. Mtoto mdogo huonwa na nesi na daktari wa kawaida mara nyingi sana kabla hajawahi kukalia kiti cha daktari wa meno. Na hao wanaomwona mara nyingi ndio hawakuwa wamefundishwa kuangalia mdomo.

Hapo ndipo historia inaanza kupinda. Huko North Carolina, mwanzoni mwa miaka ya 2000, madaktari wa watoto walianza kulipwa na bima ya serikali kupaka meno ya watoto wadogo vanishi ya floraidi. Ni dawa ya kupaka kwa brashi ndogo, inachukua dakika chache, na mtoto anaenda nyumbani. Mwaka wa 2005, chama cha walimu wa udaktari wa familia kikatoa mtaala wa bure unaoitwa Smiles for Life, wa kufundisha afya ya kinywa kwa watu ambao si wa meno. Mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha New York kikahamisha shule yake ya unesi ikae ndani ya shule ya meno. Watu walishangaa, lakini wanafunzi wa unesi, wa udaktari na wa meno wakaanza kumpima mtu mmoja pamoja, kila mmoja akimfundisha mwenzake anachojua.

Kuna kitu kidogo kilitoka hapo ambacho mimi nakipenda sana. Wanafunzi wa tiba hukariri herufi H, E, E, N, T wakipima kichwa: kichwa, macho, masikio, pua, koo. Unaona kilichorukwa? Daktari anapita kwenye mdomo ndiyo afike kooni, na hausemi chochote. Mwaka wa 2015, walimu wa New York waliandika wakitaka iongezwe herufi moja, O, ya kinywa. Herufi moja tu! Imagini miaka 175 imepita tangu Baltimore ndiyo watu wapiganie herufi moja.

Na mafunzo yenyewe si sayansi ya roketi. Mwanafunzi anafundishwa kukaa uso kwa uso na mama, magoti yagusane, mtoto alazwe katikati akimwangalia mamake. Unainua mdomo wa juu. Ukiona mistari myeupe kama chaki karibu na ufizi, hiyo ni dalili ya mwanzo, na hapo bado unaweza kuzuia. Ikishakuwa kahawia na shimo, umechelewa. Mwanafunzi wa famasia anajifunza kuuliza kuhusu dawa za maji zenye sukari. Wa lishe anauliza kuhusu chupa ya maziwa ya kulala nayo. Wa meno naye anajifunza kusikiliza, kwa sababu nesi ndiye anajua kule nyumbani kukoje.

Sasa turudi hapa kwetu. Mtoto wa Kenya hupelekwa kliniki akiwa wiki 6, wiki 10, wiki 14, halafu miezi 9, halafu mwaka na nusu. Jino la kwanza hutoka karibu miezi 6. Piga hesabu: sindano ya miezi 9, nesi ameshika mtoto ambaye tayari ana meno. Mpwa wangu alienda hizo zote, mathe wake hakukosa hata moja, kijitabu kimejaa mihuri. Uzito, sawa. Urefu, sawa. Kufika miaka minne meno ya mbele yote yalikuwa yameoza na analia usiku. Hakuna mtu alikuwa ameinua ule mdomo. Sitaji kliniki, na simlaumu nesi aliyekuwa na foleni ya akina mama hadi nje. Huwezi kutafuta kitu ambacho hukufundishwa kukiangalia.

Na sisi tuna sababu yetu zaidi ya Wamarekani. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto mchanga akiharisha na kuwa na homa, kuna watu huamini ana "meno ya plastiki" ama "meno ya nailoni", na vichipukizi vya meno hung'olewa bila ganzi, kwa chuma chochote. Watoi huvuja damu, hupata maambukizi, wengine hufa. Nani husikia kwanza kwamba mtoto anaharisha? Si daktari wa meno. Ni nesi, afisa wa kliniki, mhudumu wa afya wa kijiji. Huyo ndiye anafaa kujua cha kumwambia mama kabla nyanya hajaita mganga.

Niliacha chuo, kwa hivyo usiniite dokta. Lakini kusoma historia hakuhitaji gauni. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikisomesha madaktari wa meno tangu miaka ya 1970. KMTC inasomesha manesi, maafisa wa kliniki, wateknolojia wa famasia na maafisa wa afya ya meno wa jamii, wote chini ya jina moja. Sheria yetu yenyewe inaweka madaktari na madaktari wa meno kwenye baraza moja. Yaani watu tayari wako pamoja kwa karatasi. Kilichobaki ni kuwaweka chumba kimoja, na mtoto mmoja mbele yao.

Kama uko kwenye hizo kozi na unasoma hii, muulize mwalimu wako swali moja kesho: "Mdomo tunausoma lini?" Akikuambia hiyo ni ya wale wengine, mwambie ndivyo walivyosema Maryland.